Kupaka rangi slaidi ya makohozi: nta inavyomfichua bakteria wa TB

Karibuni tena maabara. Leo tunapaka rangi slaidi ya makohozi kwa njia ya Ziehl-Neelsen, kumtafuta bakteria wa kifua kikuu. Kabla hujagusa chupa, elewa unapambana na nini. Ukuta wa nje wa bakteria huyu umejaa mafuta mazito ya aina ya nta, yaitwayo asidi maikoliki. Rangi ya kawaida huteleza juu yake kama maji kwenye jani la gimbi, ndiyo maana rangi ya Gram, ile ya kawaida ya kutofautisha bakteria, haitufai hapa.

Slaidi hii imeshakauka kwa hewa, nikaipitisha juu ya moto mara tatu ili makohozi yashike. Iweke juu ya sinki, funika makohozi yote kwa kaboli fuksini, ile nyekundu. Pasha moto kutoka chini taratibu mpaka ifuke mvuke. Ikianza kutoa mapovu, ondoa moto upesi, hatutaki ichemke. Joto linalegeza nta, rangi inapenya. Subiri dakika 5. Rangi ikipungua ongeza, isikaukie kwenye kioo.

Suuza polepole, kisha mimina asidi yenye spiriti, dakika 3. Kazi yote iko hapa. Seli za mgonjwa na bakteria wa kawaida wa kinywani huachia wekundu wao. Huyu wetu haachii: nta inaizuia asidi kumvua rangi aliyokwisha kuinywa. Slaidi ikibaki na wekundu mwingi, rudia asidi, usikimbilie mbele.

Suuza, weka methilini bluu, rangi ya kupaka vyote vilivyoachia wekundu, dakika 1, suuza tena, isimamishe ikauke. Usifute.

Sasa hadubini: tone moja la mafuta, lenzi ya 100. Ncha ya kidondoshea isiguse slaidi kabisa, isije ikabeba bakteria wa mgonjwa huyu hadi slaidi ya mwingine. Tafuta vijiti vyekundu, vyembamba, pengine vimepinda kidogo, juu ya bluu. Kagua maeneo 100 (kila duara unaloliona kwenye lenzi ni eneo moja) kabla ya kuandika hasi, na hasi yenyewe usiiamini sana: njia hii huhitaji takriban bakteria 5,000 hadi 10,000 kwa mililita ndipo waonekane.

Jaza rejista. Makohozi yaliyobaki yapeleke kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB, kama kituo chenu kinayo, maana hiyo huonyesha hata usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB.