Virpur: Hekalu Lisilopokea Sadaka

Ndugu zangu, yule mzee wa kilemba cheupe, fimbo mkononi, ambaye picha yake hutundikwa katika maduka ya Wagujarati hapa Afrika Mashariki, ndiye Jalaram Bapa, mtakatifu wa Kihindu. Kwao ni Virpur, mji mdogo katika jimbo la Gujarat, India, kwenye barabara ya kutoka Rajkot kwenda Jetpur. Wageni wengi huupita mbio kuelekea Somnath, kwenye hekalu maarufu la Kihindu. Nawasihi msiupite.

Jalaram alizaliwa mwaka 1799 katika ukoo wa wafanyabiashara, Walohana. Biashara haikumkaa moyoni; kila apitaye akiomba, alimpa. Mwaka 1820, kwa baraka za mwalimu wake Bhoja Bhagat, yeye na mkewe Virbai walianza kuwalisha wasafiri kwa nafaka waliyoichuma kwa jasho lao mashambani. Hawakumuuliza mtu dini wala tabaka. Inasimuliwa kwamba Mwislamu mmoja, mwanawe alipopona baada ya dua ya Jalaram, alileta nafaka mkokoteni mzima kuchangia jiko lile.

Hekalu lenyewe ni nyumba aliyoishi. Ndani kuna picha yake halisi, iliyopigwa mwaka mmoja kabla hajafariki mwaka 1881. Pia kuna mfuko wa kitambaa na fimbo. Hapo simameni kidogo. Wanasema alifika mtawa mzee, dhaifu, akamwomba Jalaram ampe mkewe amuuguze. Jalaram hakumjibu mpaka alipomuuliza Virbai mwenyewe, naye akakubali. Mzee na Virbai wakaenda hadi porini. Mzee akamwambia, nishikie mfuko na fimbo, nisubiri hapa. Hakurudi tena. Ikasikika sauti kwamba ule ulikuwa mtihani wa ukarimu wao, na Virbai akarejea nyumbani na vitu vile viwili. Kwangu mimi, Virbai ndiye nguzo ya Virpur, na inaniuma kwamba hatajwi inavyostahili.

Tangu tarehe 9 Februari 2000 hekalu hili halipokei sadaka ya aina yoyote, si fedha, si zawadi. Chakula kinaendelea kutolewa bure kila siku. Kwa hiyo msihangaike kutafuta sanduku la michango. Vueni viatu, kaeni kwenye safu na wengine, mle mlichopakuliwa. Bundi na gathia, vile vitafunwa vya unga wa dengu, mtazitambua, ni zile zile za kwetu.

Anayependa shamrashamra aende sikukuu ya kuzaliwa kwake, wiki moja baada ya Diwali. Anayetaka kuitazama ile fimbo bila kusukumwa achague siku nyingine.