Obadia na Mashtaka ya Edomu

Ndugu zangu, naomba mfungue kitabu cha Obadia. Nitasubiri, maana najua kukipata ni kazi. Kimejibana kati ya Amosi na Yona, na ukifunua kurasa mbili kwa pamoja umeshakiruka. Ni sura moja tu yenye mistari 21, na katika Agano la Kale hakuna kitabu kifupi kuliko hiki. Nabii mwenyewe hatuambiwi ni mwana wa nani, katoka mji gani, wala alitabiri chini ya mfalme yupi. Anaingia, anasema na Edomu, anaondoka.

Edomu ni uzao wa Esau, pacha wa Yakobo. Habari ya sahani ya dengu mnaijua tangu shule ya Jumapili, siirudii. Nchi yao ilikuwa kusini mashariki mwa Bahari ya Chumvi, eneo ambalo leo ni kusini mwa Yordani: milima ya mawe mekundu, magenge yaliyosimama wima, na vilele vinavyopita mita 1,500. Karibu na magofu ya Petra kuna mlima uitwao Umm el-Biyara. Miaka ya 1960 mwanaakiolojia Mwingereza, Crystal Bennett, alichimba kileleni pake akakuta nyumba za mawe za Waedomu wa karne ya 7 KK. Ndani yake mlikuwa na vizito vya kufumia nguo, vyombo vya udongo, na alama ya muhuri wa mfalme wao aitwaye Qos-Gabri, ambaye hata kumbukumbu za Waashuru zinamtaja. Fikirini: watu wamekaa huko juu kama mita 300 kutoka bondeni, wanafuma nguo zao, na adui akitaka kuwafikia itambidi apande genge huku wao wakimtazama.

Sasa someni mstari wa 3. "Kiburi cha moyo wako kimekudanganya, wewe ukaaye katika pango za majabali." Halafu anamnukuu Edomu akijisemea moyoni: ni nani atakayenishusha? Nabii hapambi maneno hapo. Anamtajia mtu anwani yake. Kwa miaka mingi jeuri ya Edomu ilitegemea jiografia, na jiografia kweli iliwalinda.

Lakini kiburi ndicho kilichowashitaki? Wahubiri wengi wanaishia mstari wa 4, pale Edomu anapofananishwa na tai mwenye kioto kati ya nyota, kwa sababu ni pazuri kuhubiri. Mimi naona uzito wa kesi uko mbele kidogo, mstari wa 10 hadi wa 14.

Mwaka 587 au 586 KK, wataalamu wanapishana kwa mwaka mmoja, majeshi ya Nebukadreza wa Babeli yaliubomoa Yerusalemu na kuliteketeza hekalu. Wapo wanaomrudisha Obadia nyuma hadi karne ya 9, enzi za mfalme Yoramu, Edomu walipoasi utawala wa Yuda. Siwafuati. Malango yaliyoingiwa na wageni, mji unaopigiwa kura ili ugawanywe, watu wanaotoroka wakikamatwa: hayo ni maneno ya mtu ambaye bado ananusa moshi wa Babeli.

Angalieni mashtaka yanavyopanda. Kwanza, ulisimama upande. Hujampiga mtu, hujaiba, umesimama tu, na nabii anasema siku ile "wewe nawe ulikuwa kama mmojawapo wao". Kisha ulitazama msiba wa ndugu yako. Kisha ukafurahi. Kisha ukafungua kinywa kwa majivuno. Kisha ukaingia langoni. Kisha ukatia mkono kwenye mali yao. Na mwisho kabisa, mstari wa 14, ulisimama penye njia panda ukawakatia njia waliotoroka, ukawatia mikononi mwa adui.

Nimeusoma mstari huo wa 14 mara nyingi na bado unanikaa kooni. Mtu ameponea chupuchupu. Ameuacha mji unawaka, pengine ana mtoto mgongoni, anakimbilia kusini au mashariki kwa sababu huko ndiko kwa watu wa ukoo wake. Anafika njia panda, anamwona mtu anayemfahamu. Na huyo ndiye anayemkamata. Obadia hasemi kwamba Edomu ndiye aliyeuvunja mji. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 25, kinaitaja kazi hiyo kuwa ya Wakaldayo, yaani Wababeli. Kosa la Edomu lilianza pale ambapo angeweza kusema hana kosa. Na nabii anasema naye kana kwamba bado amesimama pale: usitazame, usifurahi, usiingie. Ni makatazo kwa mtu aliyekwisha kufanya yote.

Tunao ushahidi mwingine wa hofu ya siku zile. Katika ngome ya Aradi, kusini mwa Yuda, timu ya Yohanan Aharoni ilichimbua miaka ya 1960 vigae vilivyoandikwa kwa wino. Ni barua za kijeshi za miaka ya mwisho ya ufalme. Moja inaamuru askari wapelekwe upesi hadi Ramath-negebu, na inasisitiza kwamba agizo ni la mfalme na hatima ya wahusika iko hatarini, wasije Waedomu wakafika huko. Kigae hicho ni kipande cha mtungi tu, kinaenea mkononi, na ofisa aliyekiandika hakuwa na muda wa mashairi. Wakati Babeli inanguruma kaskazini, huku kusini watu wa Yuda wanatazama mgongoni mwao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na bado nisiwafanye Waedomu wote kuwa shetani mmoja. Fungueni Yeremia 40, mstari wa 11. Vita vilipotulia, Wayahudi waliokuwa wamekimbilia Moabu, kwa wana wa Amoni, na Edomu, walisikia kwamba mabaki ya watu yameachwa Yuda wakaanza kurudi. Umesikia? Edomu. Basi kuna Mwedomu aliyemfungulia mkimbizi mlango, akampa maji, akakaa kimya askari walipouliza. Obadia hamtaji. Hati ya mashtaka haina nafasi ya jirani mwema, nami silaumu, ila msomaji anapaswa kuzisoma kurasa zote mbili.

Hukumu yenyewe ilikujaje? Mstari wa 7 unasema watu wa mapatano yako ndio watakaokufikisha mpakani, na wanaokula mkate wako watakutegea. Someni hilo mkikumbuka Yeremia 27. Miaka michache kabla ya maangamizi, wajumbe wa mfalme wa Edomu walikuwa Yerusalemu kwa mfalme Sedekia, pamoja na wa Moabu, Amoni, Tiro na Sidoni, na ujumbe wa Yeremia kwao wote ulikuwa mmoja: tieni shingo zenu katika nira ya Babeli. Inaelekea walikuwa wanapanga uasi. Kwa hiyo Edomu alikaa meza moja na Yuda, kisha nyumba ilipowaka akawa upande wa mwenye kibiriti. Haikumfaa. Karibu mwaka 553 KK mfalme Nabonido wa Babeli alipita huko akielekea Arabuni, na sanamu yake ya kuchongwa bado iko kwenye genge la Sela, si mbali na Busaira, ile Bosra ya manabii. Genge walilolitegemea liwalinde ndilo alilotumia kujitangaza. Baadaye Wanabatea, Waarabu wa misafara, wakaishika milima ile, na Waedomu wengi wakawa wanaishi magharibi, kusini mwa Yuda, sehemu iliyokuja kuitwa Idumea.

Hapa nitasema jambo ambalo huenda lisiwafurahishe wote. Mstari wa 15 unabadilisha mshitakiwa: siku ya Bwana i karibu juu ya mataifa yote, "kama wewe ulivyotenda, ndivyo utakavyotendwa". Mataifa yote. Yuda haikuachwa nje ya kanuni hiyo. Nimewasikia watu wakichukua jina Edomu na kulibandika kwa kabila wasilolipenda, chama wasichokitaka, nchi jirani. Ni rahisi sana, na ni kusoma Obadia ukiwa umeshajiweka kwenye kiti cha hakimu. Sheria yenyewe, Kumbukumbu la Torati 23, inamkataza Mwisraeli kumchukia Mwedomu, kwa sababu ni ndugu yake.

Na siku ilifika Yuda ikawa na nguvu. Mwishoni mwa karne ya 2 KK, Yohana Hirkano, mtawala wa Kiyahudi, aliiteka Idumea akawaambia wenyeji: mtahiriwe mfuate sheria yetu, au hameni. Wakatahiriwa. Vizazi vichache baadaye, mwaka 37 KK, Herode, ambaye baba yake Antipatro alikuwa Mwidumea, akauteka Yerusalemu kwa msaada wa Warumi na kukalia kiti cha ufalme. Mzao wa Esau, kwa jinsi watu walivyohesabu, ndiye aliyelijenga upya lile hekalu ambalo wanafunzi wa Yesu waliyashangaa mawe yake.

Mama mmoja hapo mbele ameandika swali: je, Waedomu waliishia wapi? Swali zuri, nimalizie nalo. Mara ya mwisho wanaonekana wazi katika historia ni kwenye vita vya Wayahudi na Roma, na anayetusimulia ni Yosefu Flavio, mwanahistoria Myahudi wa siku zile. Waidumea walifika Yerusalemu wakiwa na silaha, wakafungiwa malango, wakakesha nje usiku wa tufani wakijikinga kwa ngao. Walipoingia walimwaga damu nyingi, ikiwamo ya kuhani Anano. Wengi waliondoka baada ya hapo. Lakini mwaka 70 BK, Tito, jemadari wa Roma, alipouzingira mji, Waidumea kama 5,000 walikuwa ndani ya kuta pamoja na Wayahudi, wakipigana na Roma. Mmoja wa makamanda wao wakuu alikuwa mwana wa Sosa, na jina lake lilikuwa Yakobo.