Kuvisha fulana chapa ya kanga bila kupoteza mikunjo

Karibuni tena. Leo tunaweka korosho nyekundu za kanga kwenye picha ya fulana, ndani ya Photoshop, na mikunjo ya kitambaa tunaitaka ibaki.

Fungua picha ya fulana nyeupe. Buruta faili la PNG lenye korosho, lije juu kama leya ya pili, yaani tabaka la pili la picha. Kwa sasa linakaa kama stika, limefunika kila kitu. Juu ya paneli ya leya kuna kisanduku cha namna leya inavyochanganyika na ya chini yake, kimeandikwa Nomo (Normal). Bofya, chagua Maltiplai (Multiply).

Mikunjo hiyo imetokea! Hapa programu imepiga hesabu ya kuzidisha. Kila pikseli, yaani kinukta cha picha, ina namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, kuanzia 0 hadi 255. Namba ya leya ya juu inazidishwa kwa ya leya ya chini, kisha jibu linagawanywa kwa 255. Chapa yenye 200 ikiangukia kivuli cha 128, unapata 100. Ikiangukia nyeupe, 255, inabaki 200 ileile. Kwa hiyo Maltiplai hutia giza au huacha rangi ilivyo, kuangaza haiwezi.

Sasa angalia balaa. Naleta fulana ya bluu, yenye 0, 0, 255. Korosho zangu za 255, 0, 0 zimekuwa nyeusi tii. Zidisha mwenyewe uone: kila namba inakutana na sifuri. Wengi wakifika hapa hukimbilia Skrini (Screen) kwenye kisanduku kilekile, lakini hiyo huangaza, na nyekundu juu ya bluu itakupa zambarau ya kung'aa.

Fanya hivi. Rudisha korosho kwenye Nomo. Nakili leya ya fulana kwa Ctrl+J, ipandishe juu kabisa, bonyeza Ctrl+Shift+U iwe ya kijivu. Bonyeza Ctrl+L kufungua Levels, dirisha la kurekebisha giza na mwanga, vuta kipembetatu cheupe kuelekea kushoto mpaka sehemu zisizo na mikunjo ziwe nyeupe. Usivute kwa pupa, vivuli vyembamba vitapotea. Halafu Ctrl+Alt+G ili leya ishike kwenye korosho tu, na sasa ndiyo uipe Maltiplai.

Mikunjo ikizidi ukali, shusha opasiti (uzito wa kuonekana) ya leya hiyo kidogo kidogo. Faili lihifadhi kama PSD, faili la Photoshop lenyewe, lenye leya zake zote, maana mteja hakosi kurudi kuomba fulana ya rangi nyingine.