Kuilinda Neva ya Uso Katika Upasuaji wa Uvimbe wa Sakafu ya Fuvu

Mabibi na mabwana,

Uvimbe unaotupa shida kubwa zaidi katika kuilinda neva ya uso, yaani neva inayoendesha misuli ya uso, ni shwanoma ya vestibula. Huota kwenye ala ya neva ya usawa wa mwili, wala si kwenye neva ya uso. Lakini neva hizo mbili hupita pamoja katika mfereji mmoja mwembamba wa mfupa, na kadiri uvimbe unavyokua ndivyo unavyoisukuma neva ya uso, mara nyingi kuelekea mbele, hadi inatandazwa juu yake kama utando. Kwa hiyo mpasuaji anayeingilia nyuma ya sikio huwa haioni neva hiyo mpaka sehemu kubwa ya uvimbe iwe imekwisha kuondolewa. Isitoshe, neva hiyo inapotoka kwenye shina la ubongo haina ala ngumu ya nje, hivyo kuivuta kidogo tu, au joto la kifaa cha kuzuia damu, kwaweza kuidhuru bila kuikata.

Ndiyo maana tunaupunguza uvimbe kwa ndani kwanza, kisha tunaubandua ukuta wake taratibu. Sindano za elektrodi, zinazopima mwitikio wa misuli, huchomekwa katika misuli inayozunguka jicho na mdomo, na daktari wa usingizi huepuka dawa za kulegeza misuli wakati wa kazi hiyo, kwa sababu misuli iliyolegezwa haiwezi kutupa habari za neva. Mwishoni tunaichochea neva pale inapotoka kwenye shina la ubongo: misuli ikiitikia mkondo mdogo wa milliampea 0.05, tuna sababu njema ya kutumaini. Neva inayoonekana nzima kwa hadubini lakini haiitikii haitupi matumaini hayo.

Hapa nataka kusema wazi. Uvimbe huu si saratani, na kwa kawaida hukua polepole. Unapokuwa umeshikamana na neva kiasi kwamba kuubandua kutaiharibu, naona ni sahihi zaidi kuacha tabaka jembamba, kulifuatilia kwa picha za MRI, na kulitibu kwa mionzi iwapo litaanza kukua. Tunaupima uso kwa kipimo cha House na Brackmann cha mwaka 1985, ambacho daraja la 1 ni uso wa kawaida na la 6 ni kupooza kabisa. Neva iliyokatwa, hata ikiunganishwa kwa kipande cha neva nyingine, kwa kawaida haimrudishi mgonjwa kwenye hali iliyo bora kuliko daraja la 3. Mgonjwa aambiwe hayo kabla ya upasuaji, na achague pamoja nasi.

Uso ukipooza, jicho ndilo la kwanza kuangaliwa, siku hiyo hiyo: matone ya kulilowesha mchana, marhamu na kulifunika usiku, kwa kuwa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, isipofunikwa na kope hukauka, hupata vidonda, na yaweza kupoteza uwezo wa kuona wakati sisi bado tunasubiri neva ipone.