Kabla hujaweka glichi kwenye maandishi, zijue chenga zenyewe

Haya jamani, mambo vipi, wa huko nyuma mnanisikia? Wakubwa zangu shikamooni. Sogeeni huku mbele viti vipo, na nyie mliotoka Lindi na basi la alfajiri najua mmechoka ila vumilieni kidogo. Nimeombwa niongelee glichi ya maandishi, zile herufi zinazotetemeka, zinakatika katikati, zinatoa rangi pembeni. Mlionisikia Mikindani na Masasi mnajua naanzia wapi, na leo naanzia hapohapo, kwenye chenga.

Chenga ni neno letu. TV ikisumbua tunasema inaonyesha chenga, hakuna aliyetufundisha. Waliokua enzi za antena wanakumbuka, antena imefungwa juu ya mwanzi, mtoto mmoja yupo nje anauzungusha na ndani watu wanapiga kelele imekaa, haijakaa, rudi kidogo, hapohapo usiachie! Mimi ndo nilikuwa mtoto wa nje. Nikichungulia dirishani naona kila mchezaji ana kivuli pembeni yake, na yale maandishi ya matokeo nayo yana kivuli, na kivuli kiko kulia. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba ile TV inachora mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, sasa wimbi likigonga kilima au bati linafika limechelewa kidogo, likichelewa linachora picha ileile upande wa kulia. Mnaona? Hata kosa lina sababu, halirukiruki tu.

Halafu vikaja ving'amuzi, chenga zikaisha zikaja boksi. Hili ni kosa la aina nyingine kabisa na watu wanalichanganya na lile la kwanza kila siku. Picha ya kidijitali imekatwa vipande vya mraba, kwenye H.264, mfumo wa kubana video unaotumika sana, kile kipande kikuu ni pikseli 16 kwa 16, yaani zile nukta ndogondogo za picha, na fremu nyingi, zile picha moja moja zinazounda video, hazibebi picha nzima, zinabeba mabadiliko tu kutoka fremu iliyotangulia. Kwahiyo mvua ikipiga, data zikapotea njiani, unaona uso wa mtangazaji umeganda vipande vipande, picha mpya inasukumana chini yake, rangi zimeburutika, mpaka ifike fremu iliyokamilika ndo skrini inajisafisha yote kwa mkupuo mmoja. Shikeni hilo neno mkupuo, nitalirudia.

Najua kuna mtu anasema moyoni kaka mbona unatupeleka mbali, templeti zipo, glichi zilizotengenezwa tayari, nabonyeza naweka jina namaliza. Sawa. Lakini aliyetengeneza ile templeti alipanga mitetemo kwenye mdundo wa muziki wake, we unaibandika juu ya ngoma ya unyago, mdundo uko huku mtetemo uko kule. Na alipanga kwa neno moja fupi nene, we unaweka jina la bwana harusi na la baba yake na la ukoo. Templeti haijui hayo, we ndo unayajua.

Ngoja niwaambie ile harusi. Nilikuwa naanza kazi, nikapewa video ya harusi, familia ya watu wa heshima sana. Bibi harusi anaingia ukumbini, pale ndo jina lake linatokea. Nikaona hapa ndo pa kuonyesha ufundi, nikaweka glichi sekunde nane nzima, herufi zinaelea taratibu kushoto kulia zinarudi, na jina nimelilaza juu ya shela jeupe. Wamekaa sebuleni ndugu wote, flashi imechomekwa, bibi harusi akaingia, na mama yake akaniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, jina la binti yangu mbona halisomeki?" Hakugomba. Akarudisha nyuma akaangalia tena, akasogea karibu na TV akaweka kidole kwenye kioo anatafuta herufi ya kwanza. Mpaka leo nikifungua programu nakiona kile kidole. Mtu kapamba ukumbi, kaalika watu, kilichotakiwa kusomeka ni kitu kimoja tu na mimi ndo nimekivuruga. Niliirudia ile kazi usiku kucha bila malipo ya ziada na ilikuwa haki yake.

Sasa tuangalie nilikosea wapi, maana mle ndani kuna makosa mawili.

La kwanza ni rangi. Mwanga mweupe kwenye skrini ni nyekundu na kijani na bluu vikikutana. Kwahiyo unachukua maandishi yako, unayakopi leya tatu, yaani tabaka tatu zinazolaliana, moja nyekundu tupu, moja kijani tupu, moja bluu tupu, zote unaziweka kwenye modi ya Skrini (Screen), ile namna ya kuchanganya leya na kilicho chini yake. Zikilaliana sawasawa utaona maandishi meupe kama hujafanya kitu. Sasa sogeza nyekundu kushoto pikseli 6, bluu kulia 6, kijani usiiguse. Katikati panabaki peupe, kingo zinatoa rangi, ndo ile. Ila modi ya Skrini inaongeza mwanga, na juu ya shela jeupe hakuna cha kuongeza, peupe panabaki peupe, rangi zote zinamezwa! Ndo maana yule mama hakuona herufi. Pakiwa peupe geuza mambo: modi ya Maltiplai (Multiply), leya tatu ziwe samawati (cyan), waridi iliyokolea (magenta) na njano, zikilaliana zinatoa nyeusi. Au weka kivuli cheusi nyuma ya jina, basi.

La pili ni muda, na hapa ndo huwa nagombana na watu. Kosa la kweli halielei. Lipo au halipo, mkupuo! Video zetu nyingi ni fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni sekunde 0.04. Glichi ichukue fremu 2, 3, ikizidi sana 5, halafu jina litulie lisomwe, litulie hasa, sekunde mbili tatu, kisha mkupuo mwingine mdogo wakati linaondoka. Kwenye After Effects, ile programu ya kompyuta, zile nukta za mwendo (keyframe) zigeuze ziwe za Hold, ili herufi iruke kutoka hapa hadi pale bila kusafiri. Wa CapCut kwenye simu msihangaike, kata leya vipande vidogo kwenye taimulaini, kila kipande kisogeze kivyake, matokeo ni yaleyale. DaVinci Resolve ya bure nayo inatosha kabisa kwa kazi hii, asije mtu kuniambia hana programu.

Dada umenyoosha mkono, unauliza kwanini 6 na siyo 1 au 2 ipendeze kwa ulaini. Swali zuri kweli. Wateja wetu wanatumiana video WhatsApp, si ndiyo? Video za kawaida zinatunza mwangaza wa kila pikseli, lakini rangi zinatunzwa moja kwa kila pikseli nne, ni mfumo wa 4:2:0. Ukijumlisha na kubanwa kwa faili, ukingo wa rangi wa pikseli 1 unageuka uchafu wa kijivu. Kwahiyo kwenye video ya 1080 anza na 6, nenda hata 10, halafu jitumie mwenyewe kwenye simu uangalie kabla hujampa mteja.

Naonyeshwa saa hapa, nikimbie. Kukata herufi: kopi leya, tumia Crop ubakize utepe mmoja wa katikati, usukume pikseli 30 pembeni kwa fremu 2. Za boksi kwa After Effects ni Fractal Noise aina ya Block ikiongoza Displacement Map, nitawaonyesha jioni kwa laptopu maana bila kuona hamtaelewa. Mimeto isizidi mitatu kwa sekunde, hili siyo urembo, Desemba 1997 kule Japani katuni ya TV ilimetameta nyekundu na bluu haraka haraka na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Sauti nimeiacha, iko kwa jioni.

Sasa toeni simu. Kila mtu aandike jina la mama yake kwa herufi nyeupe juu ya nyeusi, akopi mara tatu. Anza na nyekundu, napita kila meza.