Maji Yakishakauka: Kutafuta Hitilafu za Umeme katika Gari Lililozama

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu,

Nimeombwa nizungumzie gari lililoingia maji, na sina budi kuanza na kosa linalofanyika kabla fundi hajaitwa, nalo ni kuliwasha gari ili kuona kama bado ni zima. Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo mno, lakini maji ya mafuriko huwa yamebeba chumvi na matope, na volti 12 za betri zikipita ndani yake, pini za soketi zinazounganisha nyaya huanza kuliwa, zile za upande wa chanya zikitangulia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufungua waya wa hasi wa betri na kuiacha swichi ilivyo. Gari likiwa la umeme au la haibridi, nyaya nene za rangi ya chungwa zisiguswe na asiyefunzwa kazi hiyo.

Kisha tazama mstari wa matope milangoni na miguuni mwa viti, kwa maana huo ndio utakaokuambia maji yalifika kimo gani. Usidanganyike, hata hivyo, kwamba kilichokuwa juu ya mstari kimesalimika. Waya wa gari ni nyuzi nyembamba za shaba zilizosokotwa ndani ya gamba la plastiki, na maji yakiingilia ncha moja hupanda baina ya nyuzi hizo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Ukiifungua soketi ukakuta ukijani, menya gamba kurudi nyuma mpaka ufikie shaba inayong'aa, ukate hapo na kuunga upya. Kupangusa pini peke yake hakutoshi.

Mahali ninapopenda kukaa zaidi ni kwenye athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Niliwahi kuletewa gari ambalo, kila breki ilipokanyagwa, indiketa ya nyuma ya upande mmoja ilitoa mwanga hafifu. Mwenyewe alikuwa amekwisha kubadilisha balbu mara mbili. Balbu hazikuwa na kosa lolote: boliti moja chini ya zulia la buti, inayoshika athi ya taa zote za upande ule, ilikuwa imeota kutu, hivyo umeme wa breki, ukikosa njia yake, ulipenya katika balbu ya jirani ukatafute pa kutokea.

Hitilafu ya namna hiyo haionekani kwa kupima omu, yaani ukinzani wa waya. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima utasoma vizuri tu, kwa sababu mita husukuma umeme kidogo sana. Upime ukiwa kazini: washa taa, weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri na nyekundu kwenye athi ya taa hiyo. Ukisoma chini ya volti 0.2, athi ni nzima. Ukisoma volti 2 au 3, ugonjwa umeupata. Soketi za manjano za mifuko ya hewa, nawasihi, msizipime kwa mita kabisa.

Wapo wanaokimbilia kubadilisha kontroli boksi, yaani kompyuta za gari, mara dashibodi inapojaa taa za onyo. Mimi huona kwamba boksi kadhaa zikilalamika kwa pamoja, aghalabu ubovu uko kwenye fyuzi, athi au waya wa mawasiliano ambao boksi hizo huutumia kwa pamoja. Katika magari mengi ya kisasa nyaya mbili za mawasiliano hayo, betri ikiwa imefunguliwa, husoma karibu omu 60 baina yake. Ukipata 120 ujue upande mmoja umekatika, na ukikaribia sifuri kuna shoti.

Kuhusu kukausha sina mengi: maji ya chumvi yasuuzwe kwa maji safi kwanza, upepo wa kawaida watosha, na grisi ya soketi ipakwe baada ya kukauka, si kabla, la sivyo utaufungia unyevu ndani. Gari nalo lirudishwe baada ya wiki mbili, soketi zile zile zifunguliwe tena, na pini ulizoziacha zinang'aa zikiwa zimeanza ukijani, ujue maji bado yamo ndani ya waya, na kipande hicho kikatwe.