Jina Kwenye Orodha Si Hela Mkononi

Wazee wetu, walimu, akina mama wa vikundi, vijana, hamjambo.

Mmeniita hapa Kakamega nieleze msaada wa nje unavyoweza kumfikia mpiga isukuti, ngoma yetu ya asili, wa Ikolomani au mama wa mboga wa Shinyalu. Nianze na pale tunapokosea sana. Mwaka 2014 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Orodha hiyo haina hundi ndani yake. Inaibana serikali tu: kila baada ya miaka minne Kenya ieleze imefanya nini. Pesa huombwa kando, kwa fomu iitwayo ICH-04, na anayeomba ni nchi iliyoridhia Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika. Sisi tuliridhia 2007. Kikundi hakiwezi kuituma Paris, makao ya UNESCO, chenyewe. Kipitie Idara ya Utamaduni. Ombi lisilozidi dola 100,000 huamuliwa na wajumbe wachache wa Kamati ya nchi zinazosimamia Mkataba huo. Likizidi hapo huenda kwa Kamati nzima, na lazima liwe limefika kabla ya Machi 31 kupita. Kwa kikundi cha kijijini, mimi ningeomba dogo.

Bajeti ndiyo huangusha watu. Mtu anaandika "vifaa vya ngoma", anaweka jumla, basi. Atakayeisoma hajawahi kusikia isukuti. Mwandikieni kwamba seti moja ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Kisha hesabuni mikono: darasa la watoto 40 likipewa seti moja, watatu wanapiga na 37 wanatazama. Wataimba na kucheza, sawa, lakini mkono wa ngoma hawataupata.

Halafu kuna ngozi. Ngoma hii kwa asili huwambwa ngozi ya kenge, naye kenge ni mnyamapori, yuko chini ya sheria ya 2013. Huwezi kuandika "ngozi tatu" kana kwamba unanunua za mbuzi sokoni. Ulizeni habari ya kibali KWS, shirika la serikali la wanyamapori, mapema. Fundi akitaka kubadili ngozi, wapigaji wausikie mlio kwanza, bajeti ifungwe baadaye.

Na mzee anayefundisha alipwe. Warsha na chai ya hoteli hazikosi fungu, lakini mwenye ujuzi anaitwa "mtu wa kujitolea" na nauli anajitafutia. Andikeni siku zake na nauli yake.

Mfano wa karibu tunao. Japani, kupitia UNESCO, iligharamia mradi wa vyakula vya asili vya Waisukha na Wapokot wa Mashariki, na watoto wa shule wakashiriki kukusanya maarifa hayo. Mwaka 2021 juhudi za Kenya za kulinda vyakula vya asili ziliingia katika rejista ya UNESCO ya mifano bora. Kilichonivutia ni kwamba kazi ilianzia jikoni, mahali ambapo ujuzi bado unatumika kila siku.

Chukua musherekha, maji ya munyu yanayochujwa kwenye majivu. Mtoto akiandika "munyu wa majivu hulainisha mboga", hapo hajajua kitu. Maganda ya maharagwe yakauke kabisa, yachomwe, majivu yatiwe kwenye chombo chenye matundu chini, maji yamiminwe kidogo kidogo mpaka yadondoke yakiwa na rangi ya chai. Ukimimina kwa pupa, maji yanajichimbia njia katikati ya majivu na kushuka mepesi, hayana nguvu. Ukizidisha munyu huo kwenye mboga ya murere, inakuwa chungu. Hayo yote hujifunzwa kwa kuonja, kwa hiyo bajeti iwe na sufuria, kuni na mboga, si daftari na kamera peke yake.

Jambo la mwisho, rekodi. Kabla kamera haijawashwa, wenye utamaduni wakubali kwa maandishi, na iandikwe nani atashika nakala. Tuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, itumieni. Nakala moja ibaki shuleni, kabatini, kwa jina la shule. Ikikaa kwenye simu ya mwalimu, siku akihamishwa inaondoka naye.